Miaka themanini ya kumhesabia mkulima wa korosho

Kila mwaka ifikapo Oktoba, korosho zinapoanza kufika kwenye mizani ya vyama vya msingi vya ushirika katika wilaya za Newala na Masasi, mkulima hukabidhi mzigo wake na kurudi nyumbani na karatasi. Karatasi hiyo hutaja uzito na daraja, lakini haitaji bei, kwa kuwa bei bado haijulikani: korosho zitasafirishwa hadi ghala kuu, zitaunganishwa na za wenzake, zitatangazwa mnadani, na fedha zitaingia benki baada ya makato.

Katika kijiji hichohicho yupo mnunuzi mwingine ambaye hana ghala wala karatasi. Ana chombo cha kupimia na fedha taslimu, na biashara yake huitwa kangomba, jina ambalo wengi hulitumia kwa kipimo, kwa biashara na kwa mfanyabiashara mwenyewe. Bei yake huwa chini ya ile ya mnada, pengine kwa tofauti kubwa, serikali inampiga marufuku, na bado hakosi wauzaji.

Swali la kwa nini mtu auze kwa bei ndogo kitu ambacho kingempa bei kubwa kama angesubiri ni swali la uchumi wa kilimo, yaani taaluma inayochunguza jinsi kaya, masoko na serikali vinavyogawana ardhi, nguvu kazi, fedha na hasara. Majibu yake yamebadilika mara nyingi tangu miaka ya 1940, na si mara moja mabadiliko hayo yalisukumwa na mambo ya kusini mwa Tanzania ambayo nadharia za wakati huo hazikuweza kuyaeleza.

Mhandisi na mashine

Moja ya maandiko bora ya awali kuhusu kilimo cha uwanda wa Makonde halikuandikwa na mchumi. Clement Gillman, mhandisi wa reli aliyegeuka kuwa mwanajiografia, alichapisha mwaka 1945 makala kuhusu kilimo cha kupumzisha vichaka, utaratibu ambao wakulima walifyeka kichaka, wakachoma majani, wakapanda nafaka, mihogo na kunde kwa misimu michache, kisha wakaliacha shamba lirudi kuwa kichaka.

Gillman aliona mpango mahali ambapo maofisa wengi wa kikoloni waliona uharibifu. Kwenye udongo wa kichanga, juu ya uwanda ambako watu walishuka mabonde marefu kufuata maji, kichaka kilikuwa ghala la rutuba, na miaka ya kukingoja kikue ilikuwa sehemu ya kilimo kama ilivyo miezi ya palizi. Miaka 20 baadaye, mwaka 1965, Ester Boserup aligeuza mantiki ya namna hiyo kuwa nadharia ya dunia nzima, akidai kwamba wakulima hufupisha muda wa kupumzisha ardhi pale idadi ya watu inapowalazimu, na kwamba kabla ya hapo kufanya hivyo ni kupoteza nguvu bure.

Wakati makala ya Gillman ingali mpya, serikali ya Uingereza ilileta jibu la aina nyingine. Mpango wa Karanga ulioanza mwaka 1947 ulilenga kulima zaidi ya ekari milioni 3 katika Afrika Mashariki na ya Kati, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, na mojawapo ya maeneo yake ilikuwa Nachingwea, jirani kabisa na Masasi. Bandari ya Mtwara ilijengwa na reli ikatandikwa kwenda bara kwa ajili ya karanga ambazo hazikuwahi kutosha kuijaza.

Mwaka 1951 mpango ulifutwa baada ya kumeza pauni zipatazo milioni 36, na reli yenyewe iling'olewa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mchumi S. Herbert Frankel, aliyeandika tathmini yake kwa kuangalia Kongwa, aliona kosa kubwa katika kuwekeza kwa ukubwa huo kabla ya majaribio, kana kwamba mtaji na matrekta vingeweza kuchukua nafasi ya maarifa ya mahali.

Kuanguka huko kulifundisha taaluma jambo moja zito, ingawa somo lilichelewa kueleweka: gharama ya kutojua udongo, mvua na watu nayo ni gharama ya uzalishaji, na haiandikwi kwenye daftari la hesabu hadi siku ya kufilisika.

Kutoka daftari la shamba hadi kaya

Uchumi wa kilimo ulizaliwa kama somo la chuo kikuu katika nchi zenye mashamba makubwa. Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, kilianzisha idara yake mwaka 1909, na mwaka 1929 wataalamu wa nchi mbalimbali walikutana Dartington, Uingereza, wakianzisha umoja wao wa kimataifa. Kazi kubwa ya kizazi hicho ilikuwa usimamizi wa shamba: gharama kiasi gani, mavuno kiasi gani, faida wapi.

Kipimo hicho kilikwama kilipofikishwa kwa kaya isiyolipa mishahara, inayokula sehemu ya inachovuna na kuuza sehemu nyingine. Mrusi Alexander Chayanov alikwishaeleza katika miaka ya 1920 kwamba kaya ya namna hiyo hupima uchovu wa kazi dhidi ya mahitaji ya walaji wake, wala haifukuzii faida kama kampuni, lakini aliuawa na utawala wa Stalin mwaka 1937 na kitabu chake kikatoka kwa Kiingereza mwaka 1966 tu. Miaka miwili kabla ya tafsiri hiyo, Theodore Schultz wa Chicago alikuwa ametangaza kwamba mkulima wa jadi ni maskini lakini anatumia alicho nacho kwa ufanisi. Hoja hiyo ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1979.

Tanzania ilishiriki katika mabadiliko haya kwa kiasi ambacho vitabu vya kiada havikitaji ipasavyo. Katika miaka ya 1960, Michael Collinson, mchumi wa shamba katika kituo cha utafiti cha Ukiriguru karibu na Mwanza, alifuatilia kaya za Wasukuma na kuona kwamba waliochelewa kupanda pamba hawakuwa wavivu wala wabishi: mvua za kwanza na mikono ya kwanza zilikuwa za chakula. Kitabu chake cha mwaka 1972 kilisaidia kuzaa utafiti wa mifumo ya kilimo, yaani utafiti unaoanza na shamba zima la kaya, pamoja na mazao yake yote na msimu wake wa njaa, kabla ya kushauri lolote kuhusu zao moja.

> Waliochelewa kupanda pamba hawakuwa wavivu wala wabishi: mvua za kwanza na mikono ya kwanza zilikuwa za chakula.

Kufikia wakati huo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa na Ofisi yake ya Utafiti wa Uchumi, na mafunzo ya uchumi wa vijijini yalikuwa yakikua Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzishwa rasmi mwaka 1984. Taaluma ilikuwa na wenyeji wake tayari korosho ilipoanguka.

Mikorosho ileile, macho mawili

Mkorosho uliletwa pwani ya Afrika Mashariki na Wareno kutoka Brazil, na juu ya uwanda wa Makonde ulipata udongo uliokuwa ukiyashinda mazao mengine ya biashara. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya tani zipatazo 145,000. Msimu wa 1986/87 zilikuwa zimebaki tani 16,500 hivi.

Maelezo ya kwanza yenye uzito yalitoka kwa Frank Ellis, mchumi aliyekuwa akifanya kazi katika ofisi ya utafiti ya Dar es Salaam. Yeye alitazama mambo mawili: kwamba sehemu ya bei ya nje iliyomfikia mkulima ilikuwa ikipungua huku mamlaka ya serikali iliyonunua korosho ikibaki na sehemu inayokua, na kwamba kampeni ya serikali ya Operesheni Vijiji ilikuwa imezihamisha kaya kutoka kwenye makazi yaliyotawanyika katikati ya mikorosho na kuzipeleka mbali nayo. Mti usiopaliliwa huzongwa na vichaka, na korosho iliyoanguka kwenye nyasi ndefu haiokotwi.

Mwishoni mwa miaka hiyohiyo ya 1970, wataalamu wa magonjwa ya mimea walikuwa wakitazama mikorosho ileile na kuona unga mweupe juu ya maua na majani machanga. Ulikuwa ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu unaokausha maua kabla hayajashika korosho. Kwao anguko lilikuwa na jina la kibiolojia, na dawa yake, unga wa salfa, ikathibitishwa na utafiti uliofuata katika kituo cha Naliendele nje kidogo ya Mtwara.

Nani alikuwa sahihi? Jibu rahisi ni wote wawili, lakini jibu hilo linaficha jambo lenye maana zaidi. Mkulima aliyevunjwa moyo na bei aliliacha shamba lifunge, na shamba lililofunga kwa matawi yaliyosongamana, lisilopenywa na jua wala hewa, liliustawisha ukungu, ambao nao ulipunguza mavuno na kuifanya palizi izidi kutolipa. Sababu ya kiuchumi na ya kibiolojia zilikuwa zikilishana. Mtafiti aliyeingia na fomu ya bei pekee, au na darubini pekee, alirudi na nusu ya ukweli.

Gharama ya nusu ya ukweli ilionekana kwa matofali. Kwa makadirio yaliyodhani kwamba mavuno yangeendelea kupanda, na kwa mikopo iliyohusisha Benki ya Dunia, Tanzania ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho, viwili vikiwa Newala na kimoja Masasi, vyenye uwezo wa jumla wa zaidi ya tani 100,000 kwa mwaka. Viwanda vilipokuwa vikikamilika, korosho za kuvilisha zilikuwa zimetoweka. Baadhi ya majengo hayo yaliishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli za kwenda India, jambo ambalo lingechekesha kama lisingekuwa limelipiwa kwa mkopo.

Salfa, jirani na mkopo

Biashara ya korosho ilipofunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi kuanzia mwaka 1991, mafundisho yaliyotawala yalidai kwamba bei ikiwa huru mengine yatajipanga. Bei kweli ilipanda na mavuno yakaanza kurudi. Lakini mkorosho wa baada ya ubwiriunga haukuwa ule wa miaka ya 1960 ambao ulihitaji palizi tu. Huu ulihitaji salfa kati ya Mei na Septemba, miezi ambayo fedha ya msimu uliopita imekwisha na ya msimu ujao haijaingia.

Colin Poulton, mchumi wa Uingereza aliyechunguza tatizo hili na kulichapisha mwaka 1998, alionyesha fundo lilipokuwa. Mfanyabiashara angeweza kumkopesha mkulima salfa kwa ahadi ya kulipwa kwa korosho, lakini wanunuzi wakiwa wengi, mkulima ana kishawishi cha kumuuzia mwingine asiye na deni la kukata. Akijua hivyo, mfanyabiashara hakopeshi. Ushindani uleule uliopandisha bei ya korosho ndio uliokausha mkopo wa pembejeo.

Hapo ndipo uchumi wa kilimo ulipogeukia kile kinachoitwa uchumi wa taasisi, yaani uchunguzi wa kanuni, mikataba na uaminifu vinavyowezesha watu kuuziana. Soko la kiada halina haja ya kujua nani anamdai nani. Soko la Newala lilikuwa halitembei bila kujua hilo.

Salfa ina ugumu wa pili, ambao wakulima waliujua kabla haujapewa jina la kitaalamu. Unga unapopulizwa alfajiri na mashine ya mgongoni, wingu lake la manjano halisimami kwenye mpaka wa shamba, na spora za ubwiriunga nazo husafiri kwa upepo. Anayepuliza humsaidia jirani bila malipo, na asiyepuliza humwambukiza jirani bila fidia. Kwa hiyo kila mmoja akipiga hesabu yake peke yake, jumla ya salfa inayonunuliwa huwa ndogo kuliko ile ambayo kijiji kizima kingeihitaji.

> Wingu la salfa halisimami kwenye mpaka wa shamba.

Hoja hiyo ni msingi mmojawapo wa kutetea ruzuku ya pembejeo na ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, uliokuwa ukigharimia sehemu ya huduma za zao. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha mabadiliko yaliyopeleka ushuru huo wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali, baada ya mabishano makali yaliyowahusisha wabunge wa mikoa ya kusini. Upande mmoja ulisema fedha ya umma ni moja na ipangwe kwa pamoja; wa pili ulisema fedha iliyotoka kwenye mkorosho isiporudi kwenye mkorosho, salfa ndiyo itakayokosekana kwanza.

Ghala na kipimo cha kangomba

Mfumo wa stakabadhi ghalani, ule wa karatasi na mnada ulioelezwa mwanzoni, ulianza kutumika kwa korosho katika mkoa wa Mtwara msimu wa 2007/08, chini ya sheria ya mwaka 2005. Wazo lake lilitoka moja kwa moja katika uchumi wa taasisi: korosho iliyopimwa, ikapangwa daraja na kufungiwa ghalani inaweza kuwa dhamana benki, na mzigo mkubwa uliounganishwa huvuta wanunuzi wakubwa. Vyama vikuu, Tanecu kwa Tandahimba na Newala na Mamcu kwa Masasi na Mtwara, vikawa ndio wauzaji mbele ya mnada. Katika miaka ya mwanzo mkulima alilipwa kwanza sehemu ya bei dira, yaani bei elekezi ya msimu, na kilichozidi kikaja baadaye kama malipo ya pili, au majaleo.

Watetezi wa mfumo huonyesha takwimu. Msimu wa 2017/18 nchi ilivuna zaidi ya tani 313,000, na minada mingine ilifikia takriban shilingi 4,000 kwa kilo. Wapinzani huonyesha msimu uliofuata. Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walizikataa bei za mnada kuwa ni ndogo mno, na Novemba Rais John Magufuli akatangaza kwamba serikali ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300, kazi ambayo jeshi lilikabidhiwa. Waliopeleka mizigo mikubwa walitakiwa kuonyesha mashamba yao, ili wa kangomba wasilipwe kama wakulima.

Ni kuhusu kangomba ambapo utafiti unaweza kutoa mchango ambao mahubiri hayawezi kuutoa. Uchukuliwe mfano wa kubuni. Julai, kaya inahitaji shilingi 60,000 na inapewa kwa ahadi ya kilo 40 za korosho, yaani shilingi 1,500 kwa kilo. Novemba mnada unatoa shilingi 3,000. Kilo 40 zingeleta 120,000 kabla ya makato, hivyo kaya imelipa riba ya karibu asilimia 100 kwa miezi minne, na neno unyonyaji linakuja lenyewe mdomoni.

Lakini mfano huohuo usomwe kwa mnada ulioishia shilingi 1,400. Hapo aliyepata hasara ni mkopeshaji, kwa kuwa aliahidiwa kilo badala ya shilingi. Kangomba ni mkopo ulioshonwa pamoja na bima ya bei, unaotolewa mlangoni, bila fomu wala nauli ya kwenda mjini. Ni bidhaa ghali mno, na bado hakuna taasisi halali inayoiuza kwa bei nafuu katika mwezi ambao inahitajika. Kuifuta kwa amri huiondoa bidhaa hiyo bila kuliondoa hitaji lake.

> Kangomba ni mkopo ulioshonwa pamoja na bima ya bei, unaotolewa mlangoni, bila fomu wala nauli.

Kizazi cha sasa cha watafiti kingependa kulipima jambo hili kwa majaribio ya nasibu, yaani kuwapa huduma baadhi ya wakulima waliochaguliwa kwa kura na kuwalinganisha na wenzao. Katika Kenya ya magharibi, Marshall Burke na wenzake walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio ambalo wakulima wa mahindi walipewa mkopo wakati wa mavuno ili wasiuze mapema. Waliopewa waliweka akiba na kuuza bei ilipopanda, na mahali ambapo waliokopa walikuwa wengi bei za soko zenyewe zililingana zaidi, hata wasiokopa wakanufaika.

Busara hairuhusu kuyahamisha matokeo hayo Newala jinsi yalivyo. Bei ya mahindi hupanda na kushuka kwa msimu wa kijiji. Ya korosho huamuliwa na wabanguaji wa India na Vietnam, ambao huihitaji ya Tanzania hasa kwa sababu huvunwa mwishoni mwa mwaka, wakati ya kwao na ya Afrika Magharibi imeadimika. Mkulima wa korosho hangoji soko la kijiji lipande, anangoja mteja wa ng'ambo aje.

Isitoshe, fomu nyingi za utafiti bado huandika kaya kama mtu mmoja mwenye mfuko mmoja. Katika jamii za Wamakonde na Wamakua, ambazo kwa asili zilihesabu ukoo kwa upande wa mama, swali la mikorosho ni ya nani, nani anaiokotea na akaunti ya benki ina jina la nani huweza kueleza uamuzi wa kuuza mapema kuliko riba yoyote.

Unyaufu

Tangu mwaka 2024 minada ya korosho imehamia kwenye mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, mahali pa zabuni zilizokuwa zikiwekwa kwenye sanduku na kufunguliwa mbele ya wakulima. Msimu wa 2024/25 uzalishaji ulivuka tani 500,000, rekodi mpya, na minada ya mwanzo ilivuka shilingi 4,000 kwa kilo. Kwa mtafiti huu ni utajiri: kila zabuni ina saa yake, kiasi chake na bei yake.

Skrini, hata hivyo, inaanza kuhesabu kwenye ghala kuu. Korosho iliyopimwa kijijini huendelea kukauka ikingoja gari, na gunia hufika ghalani likiwa pungufu ya uzito ulioandikwa kwenye karatasi ya mkulima. Upungufu huo huitwa unyaufu, na kila msimu huzusha ugomvi kuhusu nani aubebe: mkulima, chama cha msingi, msafirishaji au ghala. Kilo chache kwa gunia, zikizidishwa kwa maelfu ya magunia, si fedha ndogo, na njia ya kuzijua ni mtu kusimama kijijini na mizani na kipima unyevu siku gunia linapotoka, kisha kulifuata mpaka linapofika.